Modeli za tabianchi hukaguliwaje? Hivi ndivyo picha shirikishi zinavyofichua makosa ya mvua ya Afrika Mashariki

Kompyuta zinasema mvua zitaongezeka. Vipimo vya mvua vinasema masika yamepungua. Nani aaminiwe?

Hilo ndilo swali ambalo wanasayansi wa tabianchi wamehangaika nalo kuhusu Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka kumi. Modeli nyingi kubwa za dunia zinaonyesha kwamba ukanda huu utapata mvua nyingi zaidi kadiri dunia inavyozidi kupata joto. Lakini kuanzia karibu mwaka 1999, mvua za masika, zile za Machi hadi Mei ambazo Kenya huziita mvua ndefu, zilishuka ghafla na kubaki haba kwa miaka mingi.

Watafiti wameipa hali hiyo jina: kitendawili cha tabianchi cha Afrika Mashariki. Na si kitendawili cha kuteguliwa jioni kwa kujifurahisha. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iligoma katika sehemu za Ethiopia, Kenya na Somalia. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua zikarudi kwa kishindo, zikaleta mafuriko.

Sasa fikiria mtu anayepanga bwawa, daraja au aina ya mbegu ya kusambaza kwa wakulima. Ajiandae kwa maji mengi au kwa ukame? Kabla ya kuitegemea modeli, lazima ajue kama modeli hiyo inaielewa mvua ya kwao. Njia mojawapo ya kujua ni kuifungua modeli na kuitazama kwa macho, kupitia picha zinazojibu unapozigusa. Zifahamu hapa.

Modeli ya tabianchi ni nini?

Ni programu kubwa ya kompyuta inayoiga dunia: hewa, bahari, ardhi, barafu, jua linavyopasha joto na mawingu yanavyojikusanya. Haikwambii kama Jumanne ijayo utoke na mwavuli. Kazi yake ni kuonyesha hali ya kawaida ya miaka mingi, na jinsi hali hiyo itakavyobadilika gesi joto zikiongezeka hewani.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walichapisha hesabu za kompyuta zilizoonyesha joto lingepanda kiasi gani endapo hewa ya ukaa ingeongezeka maradufu. Mwaka 2021 Manabe akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, pamoja na Klaus Hasselmann na Giorgio Parisi.

Ili kompyuta iweze kupiga hesabu, dunia hukatwakatwa visanduku, kama daftari la hesabu lenye miraba. Katika modeli nyingi za dunia nzima, kisanduku kimoja kina upana wa kilomita 100 hivi, mara nyingine zaidi. Ndani yake kuna joto moja, mvua moja na mwinuko mmoja wa ardhi.

Maana yake nini? Arusha na Moshi zinaweza kuingia kisanduku kimoja, pamoja na Mlima Kilimanjaro wote. Kilele cha mita 5,895 kinachanganywa na tambarare zinazokizunguka, unatolewa wastani, na mlima unabaki kama kichuguu tu.

Vituo vya utafiti vya Uingereza, Marekani, Japani, Ufaransa, Ujerumani, China na kwingineko vina modeli zao. Matokeo hukusanywa katika mradi wa kimataifa unaoitwa CMIP, ulioanza mwaka 1995. Awamu ya sita, CMIP6, ilitumika katika ripoti ya jopo la IPCC ya mwaka 2021.

Data hizo huhesabiwa kwa petabaiti. Petabaiti moja ni gigabaiti milioni moja, yaani ungehitaji zaidi ya simu 15,000 zenye nafasi ya GB 64 kila moja ili kuihifadhi. Hakuna binadamu anayeweza kuzisoma namba hizo moja moja.

Kwa nini namba moja hudanganya

Njia ya kawaida ya kukagua modeli ni kuipa mtihani wa miaka iliyokwisha pita. Modeli inaiga, tuseme, mwaka 1981 hadi 2010. Kisha mvua yake inalinganishwa na mvua iliyopimwa kweli. Tofauti inapigiwa hesabu, inatoka namba moja. Namba ikiwa ndogo, modeli imefaulu.

Hapo ndipo penye mtego. Chukua mfano wa dukani. Muuzaji akimzidishia mteja mmoja shilingi 500 na kumpunguzia mwingine shilingi 500, jioni hesabu ya droo itakaa sawa kabisa. Mwenye duka ataona mambo yako poa. Kumbe wateja wawili wamehudumiwa vibaya, na hakuna anayejua.

Modeli nayo inaweza kufanya hivyo. Inazidisha mvua msimu mmoja, inapunguza msimu mwingine, na jumla ya mwaka inakaribia ukweli.

Mtakwimu Frank Anscombe alionyesha hatari ya kutegemea muhtasari wa namba mwaka 1973, kwa mfano ambao bado unafundishwa vyuoni. Alitunga makundi manne ya data, kila moja lina nukta 11. Wastani wa makundi yote unalingana. Uwiano unalingana. Hata mstari wa mwelekeo ni uleule.

Lakini yakichorwa, unaona vitu vinne tofauti. Kundi la kwanza limetawanyika kandokando ya mstari kama kawaida. La pili limepinda kama upinde. La tatu limenyooka, ila nukta moja imeasi. La nne nukta zake zimesimama wima mahali pamoja, isipokuwa moja iliyokimbilia mbali. Namba hazikusema hayo. Mchoro ulisema mara moja.

Picha shirikishi ni zipi?

Picha iliyochapishwa kwenye ripoti imekwisha amuliwa na aliyeichora: miezi ipi, eneo lipi, rangi zipi. Wewe unatazama tu. Picha shirikishi inakuruhusu kuiuliza maswali. Unavuta karibu kwa vidole viwili, unabadilisha msimu, unaondoa modeli moja, unagusa nukta nayo inakwambia ni mahali gani na mwaka gani.

Kila anayetumia ramani ya simu anajua nusu ya jambo hili. Nusu ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi: picha kadhaa kuunganishwa.

Skrini inakuwa na ramani ya mvua, grafu ya miezi 12, mchoro wa nukta ambako kila nukta ni modeli moja, na ramani ya joto la bahari. Zote zinasoma data zilezile. Ukipaka rangi kipande cha picha moja, data hizohizo zinawaka kwenye picha nyingine zote. Mwaka 1987 watakwimu Richard Becker na William Cleveland waliieleza mbinu hii, ambayo kwa Kiswahili chepesi unaweza kuiita kupiga brashi.

Mwaka 1996 Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, alitoa mwongozo ambao wengi wanaufuata: tazama kwanza picha nzima, halafu karibia na uchuje, na undani uuite pale tu unapouhitaji.

Kwa modeli za tabianchi, picha nzima mara nyingi huwa mchoro wa Taylor, uliobuniwa na Karl Taylor mwaka 2001. Katika mchoro mmoja unaona vitu vitatu kwa pamoja: modeli inafuatana na vipimo kwa kiasi gani, imekosea kwa kiasi gani, na kama mabadiliko yake ni makubwa au madogo kuliko yale halisi. Modeli nzuri hukaa karibu na nukta ya vipimo. Iliyojitenga inaonekana hapohapo. Ukiwa kwenye picha shirikishi, unaigusa, kisha unaanza kuuliza: umekosea wapi, na lini?

Kisa cha kwanza: masika na vuli

Hebu tufuate mkaguzi mmoja wa kufikirika, hatua kwa hatua.

Anaanza na ramani ya jumla ya mvua ya mwaka. Modeli na vipimo havijapishana sana. Angeishia hapo, angeandika "imefaulu".

Anafungua grafu ya miezi 12. Sehemu kubwa ya Kenya, kusini mwa Somalia na kaskazini mashariki mwa Tanzania zina vilele viwili vya mvua kwa mwaka: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Katika vipimo, kilele cha masika ndicho kirefu zaidi. Katika modeli nyingi kilele cha masika kimekuwa kifupi, na cha vuli kimepanda kupita kiasi. Ni yale yale ya dukani: huku imezidisha, huku imepunguza.

Anapaka brashi Oktoba hadi Desemba. Ramani ya bahari inawaka. Magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wa pwani yetu, maji ya modeli yana joto mno yakilinganishwa na upande wa mashariki. Hewa juu ya maji ya joto hupanda na kutengeneza mawingu. Basi vuli ya modeli lazima ijae.

Hatua ya mwisho ndiyo yenye akili zaidi. Anachuja na kubakiza majaribio ambayo hewa ya modeli ilipewa joto la bahari lililopimwa kweli, badala ya bahari iliyojitungia yenyewe. Mpangilio wa misimu unarudi karibu na ule halisi. Maana yake, sehemu kubwa ya kosa iko kwenye bahari ya modeli na namna inavyoshikana na hewa.

Mkaguzi ni wa kufikirika, ila matokeo ni ya kweli. Wenchang Yang na wenzake waliyachapisha mwaka 2014 baada ya kuchambua modeli za awamu ya tano, CMIP5: modeli zenye bahari yao wenyewe zilizidisha vuli na kupunguza masika, na zilizopewa bahari halisi zilifanya vizuri zaidi.

Tazama uzito wa jambo hili. Modeli inaposema "mvua ya mwaka itaongezeka", huenda ongezeko kubwa liko kwenye vuli, msimu uleule ambao modeli imeutia chumvi tangu mwanzo. Mkulima anayetegemea masika hawezi kupanda mahindi yake kwa mvua ya Novemba iliyomo kwenye jumla ya mwaka.

Kisa cha pili: mvua ya saa ngapi?

Badilisha mhimili wa grafu kutoka miezi kuwa saa za siku. Kosa jingine linajitokeza.

Kwenye nchi kavu za tropiki, jua huchemsha ardhi kuanzia asubuhi, mawingu hujenga mnara mchana, na mvua nyingi ya radi hunyesha alasiri kuelekea usiku. Modeli nyingi za visanduku vikubwa huinyesha mapema mno, karibu na saa sita mchana. Sababu ni kwamba wingu la radi ni dogo kuliko kisanduku. Modeli hailioni wingu lenyewe, inalikisia kwa kanuni, na kanuni hiyo hufungua bomba mara tu ardhi inapopata joto.

Katika Ziwa Victoria mambo ni kinyume. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, hivyo dhoruba nyingi hulipuka usiku hadi alfajiri, wakati ambapo wavuvi wengi wako majini. Kukosea saa ya mvua ziwani kunaweza kugharimu maisha.

Ili kupunguza kosa hili, watafiti wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza waliendesha modeli ya Afrika nzima iitwayo CP4A, yenye visanduku vya kilomita 4.5 hivi. Kwa ukubwa huo mawingu makubwa ya radi yanaanza kujitengeneza yenyewe ndani ya modeli, na saa ya mvua inakaribia ile halisi.

Faida haikuishia kwenye saa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba CP4A inatabiri mvua kali kuongezeka zaidi, na vipindi vikavu ndani ya msimu wa mvua kurefuka zaidi, kuliko inavyosema modeli ya visanduku vikubwa. Yaani mafuriko na ukame vinaweza kuongezeka pamoja katika eneo lilelile. Jumla ya mvua ya mwaka peke yake isingekwambia hivyo.

Kisa cha tatu: upepo wa Turkana

Mahali pengine kosa halionekani kwenye ramani kabisa. Lazima uikate hewa wima, kama unavyokata keki ili uone tabaka za ndani.

Kaskazini mwa Kenya, kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuna mfereji wa ardhi ya chini. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hubanwa humo na kuongeza kasi, kama maji yanavyoruka ukibana mdomo wa mpira. Joseph Kinuthia na G. C. Asnani waliutangaza mkondo huo kwa wanasayansi mwaka 1982. Leo Loiyangalani kuna mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310.

Upepo huo hubeba unyevu mwingi kutoka baharini kwenda bara. Unapita kasi bila kumwaga maji njiani, na ndiyo sababu mojawapo Turkana ni kavu ilhali iko karibu na ikweta. Modeli ikikosea mkondo huu, inakosea maji yanakwenda wapi.

Kwenye picha ya mkato wima, modeli za visanduku vikubwa huonyesha mfereji uliojazwa na milima iliyoshushwa. Ukilinganisha na modeli yenye visanduku vidogo, unaona pengo likifunguka na upepo ukichomoza. Ni kosa lilelile la Kilimanjaro kuwa kichuguu, ila safari hii linahamisha mvua.

Vipimo navyo vilikuwa haba. Mwaka 2021 timu ya watafiti wa Uingereza na Kenya ilirusha maputo yenye vifaa vya kupimia hewa kutoka Marsabit. Mkondo ulijitokeza usiku baada ya usiku, na kasi yake ilizidi ile inayoonyeshwa na data za hali ya hewa ambazo wengi huzitumia kama kipimo cha ukweli.

Je, kitendawili kimeteguliwa?

Sehemu yake, ndiyo. Mwaka 2019 Caroline Wainwright na wenzake hawakuishia kwenye jumla ya mvua ya masika. Waliangalia tarehe: msimu unaanza lini, unaisha lini. Wakaona kwamba katika miaka ya kupungua, masika yalikuwa yakichelewa kuanza na kuwahi kuisha. Msimu ulifupika. Mvua ya siku zenye mvua haikuwa imefifia kwa kiasi hicho.

Kwa mkulima tofauti hiyo ni kubwa. Msimu mfupi unahitaji mbegu inayokomaa mapema. Mvua dhaifu ya msimu mzima inahitaji mbegu inayovumilia ukame. Dawa si moja.

Halafu baadhi ya masika ya karibuni yamekuwa na mvua kubwa mno, kama ya 2018 na ya 2024. Hivyo watafiti wanaangalia pia mabadiliko ya Bahari ya Pasifiki, ambayo huweza kuivuta mvua yetu au kuisukuma mbali kwa miaka kadhaa. Kupungua kwa miaka 20 hakuthibitishi kwamba modeli zimekosea kuhusu miaka 80 ijayo. Lakini modeli isiyopata misimu sawa leo haipaswi kupewa imani ya bure kuhusu kesho.

Angalia usidanganywe na picha yenyewe

Macho nayo yana udhaifu wake. Kuna mambo manne ya kuwa macho nayo.

Moja, rangi. Ramani nyingi hutumia rangi za upinde wa mvua. Njano hung'aa na kuvuta jicho hata kama pale hakuna jambo kubwa, na mpaka kati ya rangi mbili huonekana kama ukuta wakati data zinabadilika polepole. Rangi moja inayokolea taratibu ni salama zaidi, na wasioona vizuri tofauti ya nyekundu na kijani nao wataisoma.

Mbili, vipimo. Katika maeneo makubwa ya Afrika Mashariki vituo vya kupima mvua ni vichache. Data kama CHIRPS, zinazoanzia mwaka 1981, huchanganya setilaiti na vituo ili kujaza mapengo kwa visanduku vya kilomita 5 hivi. Ni msaada mkubwa, lakini nazo ni makadirio. Mkaguzi makini hulinganisha modeli na seti mbili au tatu za vipimo. Kama vipimo vyenyewe vinagombana, asiilaumu modeli haraka.

Tatu, kuchagua unachotaka kuona. Ukicheza na vichujio kwa saa nzima, hatimaye utapata eneo na miaka inayokubaliana na wazo lako. Kwa hiyo picha hutumika kuibua swali, kisha swali hilo linapimwa kwa takwimu kwenye data nyingine.

Nne, sababu. Modeli inaweza kupata mvua sawa kwa sababu mbaya, kama mwanafunzi aliyepata jibu la hesabu kwa kubahatisha. Ndiyo maana wakaguzi hufuata mnyororo: mvua, halafu upepo na unyevu, halafu bahari. Kila kiungo kikiwa sawa, imani inaongezeka.

Unaweza kujaribu kwa simu yako

Huhitaji kompyuta kubwa wala kusomea programu. Unahitaji kivinjari na bando la kutosha, maana ramani hizi hula data.

Anza na Interactive Atlas ya IPCC, iliyofunguliwa mwaka 2021. Chagua mvua, halafu eneo la kaskazini mashariki mwa Afrika. Angalia kwanza mwaka mzima. Kisha badilisha uweke Machi hadi Mei, halafu Oktoba hadi Desemba. Utaona jinsi picha inavyogeuka kwa kubadilisha msimu tu. Fungua pia grafu ya miezi. Palipochorwa mistari ya mshazari, modeli hazikubaliani vya kutosha, kwa hiyo usikurupuke kutoa hitimisho.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, KNMI Climate Explorer ya Uholanzi inakuwezesha kuchagua eneo lako na kuchora vipimo na modeli kwa pamoja. Kwa hali ya sasa ya ukame, mvua na mafuriko, kituo cha ICPAC kilichopo Kenya kina ramani shirikishi iitwayo East Africa Hazards Watch.

Usichanganye mambo mawili. Modeli za miaka mingi si utabiri wa msimu ujao. Kama unataka kujua upande lini mwaka huu, fuata taarifa za mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yako.

Maswali ya kuuliza ukikutana na ripoti

Siku nyingine ukisoma kwamba "modeli zinaonyesha mvua itaongezeka" katika mkoa au kaunti yako, uliza haya:

Ni mvua ya mwaka mzima au ya msimu ule unaolimia?

Modeli hizo zilipata msimu huo sawa katika miaka iliyopita?

Kisanduku kina upana gani, na mlima, ziwa au bonde la kwenu vinaonekana ndani yake?

Zimelinganishwa na vipimo gani, na ni seti ngapi?

Kuna picha ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua na kukagua mwenyewe?

Ripoti inayojibu maswali hayo inafaa kupangia bwawa. Ripoti yenye namba moja ya mwaka mzima, hata iwe nzuri vipi, bado haijamwambia mkulima wa masika chochote kuhusu masika.